Baiskeli ya Betri ya Sista Editha

Siku ile, mbele ya kibanda cha Fundi Bakari pale Nachingwea, tulikuwa watu saba. Nawataja wote kwa sababu miezi miwili iliyopita, kwenye msiba wa mjomba wetu kule Mandawa, niliwasikia watu ambao hawakuwepo wakiisimulia siku hiyo kama yao. Alikuwepo Fundi Bakari mwenyewe, mwenye kibanda na mwenye spana. Alikuwepo Issa, fundi mwenzangu, ambaye mdomo wake ulifanya kazi kuliko mikono. Alikuwepo Sista Editha, muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto, mtu wa Bukoba aliyeletwa kwetu na kazi, mguu wake mmoja mzima na mwingine mbovu. Alikuwepo Mjomba Selemani, kaka wa mama yetu, amevaa kanzu ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumatano. Walikuwepo wadogo zangu wawili, Mwanahawa na Zainabu, kila mmoja na kifurushi chake. Na nilikuwepo mimi, Athumani, miaka kumi na tisa, mikono imejaa grisi. Hakuwepo mwingine. Anayesema kwamba siku ile nilimtukana mjomba wangu, aje anitazame usoni aseme tena. Nilimkatalia. Kukataa si kutukana.

Habari za vifo vya wazazi wetu sitaziandika. Mtu wa rika langu asiyekuwa nazo ni mwenye bahati, na anayezijua hahitaji kuelezwa. Nitaanza na chumba. Tulipanga chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, kina dirisha moja la ubao lisilozidi upana wa sinia. Wadogo zangu walilala kitanda cha kamba, mimi mkeka. Kwenye kona palikuwa na gunia la mahindi, na juu ya kila kitu, sahani, daftari, hata kope zetu, palikuwa na unga mwembamba uliopenya ukutani mashine ikinguruma. Mashine ikizimwa, maneno ya wanawake waliosubiri zamu yao yalipenya vilevile. Niliwasikia wakisema, "Kijana mwenyewe hana baya, lakini kijana ni kijana. Kesho ataleta mwanamke, wale wasichana wataenda wapi?" Mwingine akajibu, "Si wana mjomba? Awachukue." Mwanahawa alikuwa darasa la saba, Zainabu la pili. Mimi shule niliiacha ili wao wasiiache, na sijawahi kumwomba mtu anipongeze kwa hilo. Asubuhi tulikunywa uji usio na sukari, jioni tulikula ugali wa muhogo kwa kisamvu au mbaazi. Leo nina nyumba yenye vyumba vinne, na bado nikisikia mashine ya kusaga huwa nazifuta kope zangu bila kufikiri.

Kwetu, watu wa ukoo wa mama, mjomba ndiye mwenye watoto. Hili halikuandikwa popote na halikuhitaji kuandikwa. Mjomba Selemani alikuja mwanzoni mwa mavuno ya ufuta, akaketi kwenye gunia letu la mahindi, akatangaza: Mwanahawa atakwenda naye Mandawa kusaidia shamba na mikorosho, Zainabu atapelekwa kwa mama mdogo Kiegei. Alinionea huruma, na huruma yake ndiyo iliyoniudhi zaidi. "Mpwa wangu, fundi wa pancha halei watoto," alisema. Nikamwambia chakula wanapata kila siku. "Chakula hata kuku anapata," akasema. "Nataka kusikia habari zako mjini. Nikisikia una jina zuri, nitafikiri upya. Nisiposikia, nikishauza ufuta nakuja kuwachukua." Kwa hiyo mwaka ule sikuwa na kitu cha kushika isipokuwa jina langu kibandani. Mnielewe hapo. Mwingine angeweza kuharibu kifaa cha mtu akaomba radhi, yakaisha. Mimi sikuwa na nafasi hiyo.

Baiskeli ile ilikuja kutoka Dar juu ya basi, imefungwa maboksi. Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, mnara wa simu bado mgeni mjini kwetu, na hatukuwa tumeona kitu cha namna ile. Ilikuwa ya bei ya chini, plastiki nyingi na chuma kidogo, lakini nyuma, katikati ya gurudumu, ilikuwa na mota mnene kama chungu cha mboga, na chini ya kiti boksi la betri. Haikuwa na mkono wa kuvuta mafuta kama pikipiki. Ilisikiliza pedeli tu: ukianza kukanyaga, mota inakusaidia; ukiacha, nayo inaacha. Sista Editha aliinunua kwa ajili ya mguu wake wa kulia, uliovunjika zamani ukaunga vibaya. Mara tatu kwa wiki alikwenda vijijini kuwachanja watoto, sanduku la chanjo kwenye keria, akipanda vilima kana kwamba anasukumwa na mtu asiyeonekana. Kina mama walisimama mlangoni kumtazama. Issa alisema baiskeli ile ina jini mwenye adabu, maana anasubiri ukanyage kwanza.

Siku moja aliileta ina pancha ya gurudumu la nyuma. Alikuwa anakwenda Lindi kwenye semina, akaniachia siku tatu. Stendi yake ilikuwa nyembamba, ikazama mchangani, kwa hiyo nikaiegemeza kwenye nguzo na kuufunga mkono wa breki kwa kipande cha tyubu ili isiteleze. Huko kwetu baiskeli zote tunazifunga hivyo. Ukipakia magunia mawili ya korosho kwenye keria, bila mpira kwenye breki, baiskeli itakukimbia na magunia yako. Nikaziba pancha nikaendelea na kazi nyingine. Sista aliporudi nikaufungua mpira, nikamkabidhi. Hakufika hata kwenye mashine ya kusaga. Alirudi anaisukuma, jasho linamtiririka.

"Umeifanya nini?"

"Nimeziba pancha, Sista."

"Taa za betri zinawaka, nakanyaga, haisaidii. Ilikuwa nzima. Umeichezea, Athumani."

"Sikuharibu mimi," nikasema, kwa sauti ambayo sasa nikiikumbuka ilikuwa kubwa mno. "Tairi nimegusa, mota sijagusa. Iache hapa niitengeneze, lakini sikuharibu mimi."

Wiki tatu nilisema maneno hayo. Niliyasema kwa wateja, kwa Fundi Bakari, kwa wanawake wa mashineni, na yaliposemwa sana yakazidi kuonekana ya uongo. Habari zilisafiri na wauza ufuta hadi Mandawa: kijana wa pale kibandani ameua baiskeli ya sista wa chanjo. Nami nilikaa juu ya kigoda nikiipekua kama mtu anayetafuta sindano kwenye pumba. Nilianza na betri. Fundi redio wa jirani akaja na mita yake, akagusa huku na huku, akasema betri ni nzima, hilo nisimsumbue tena. Nikaenda kwenye pedeli. Nyuma ya mkono wa pedeli palikuwa na kisahani cha plastiki chenye sumaku ndogo nane kwenye mduara, na mbele yake kijidude cheusi kama punje ya kunde kilichozihesabu sumaku zikipita. Ndivyo baiskeli inavyojua kuwa unakanyaga. Nikaona sumaku moja imedondoka, moyo ukaruka. Nikavunja spika mbovu ya redio, nikachonga kipande cha sumaku yake, nikakibandika kwa gundi. Haikusaidia. Nikafikiri nimebandika upande usio wake, nikakigeuza. Haikusaidia. Nikasogeza kijidude karibu na kisahani hadi nafasi iliyobaki ikawa ya ukucha. Nikasafisha vumbi, nikafungua kila kiungo cha waya, nikakuta kimoja kina kutu ya kijani, nikakikwangua. Mota ilinyamaza kama iliyokatazwa kusema na mimi.

"Fundi umeme," Issa aliniita kila asubuhi, "hebu zima jua tupumzike kidogo."

"Issa, niache."

"Na mimi jembe langu haliwaki. Nilete lini?"

Fundi Bakari hakucheka, lakini hakumnyamazisha. Siku moja alisema polepole, bila kunitazama, kwamba kibanda ni chake na jina linalochafuka ni lake pia. Nikamjibu kwamba nitaitengeneza au nitakaa nayo hapo hadi nizeeke. Na Sista Editha, wakati wote huo, alitembea. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alipita mbele ya kibanda akiwa na sanduku begani, mguu wa kulia ukichora mstari mchangani. Hakugeuza shingo. Mimi niligeuza yangu, nikaitazama spana.

Mwishoni mwa wiki ya tatu nilichoka kuchekwa, nikaipeleka baiskeli chumbani kwetu. Ilikuwa Jumanne, saa saba mchana, jua kali nje, lakini ndani kwetu, dirisha likifungwa kuzuia unga, palikuwa kama ndani ya mtungi. Mwanahawa alikuwa amechemsha ming'oko, mizizi yetu ile ya porini ambayo kila mtu wa kusini huila msimu huo, na sufuria lilikuwa sakafuni katikati yetu na chumvi kwenye kifuniko. Niliisimamisha baiskeli kwa stendi yake, gurudumu la nyuma likiwa juu, nikawasha ufunguo, nikaketi kula huku naitazama kwa chuki. Hapo nikaona kwenye gunia la mahindi doa jekundu, dogo, tulivu.

"Nani ameshika breki?" nikauliza.

"Mimi nimeshika mng'oko," Zainabu akasema.

Taa nyekundu ya nyuma huwaka ukikamata breki. Hakuna aliyekamata breki, na taa ilikuwa inawaka. Kule kibandani, juani, kioo chake kikiwa na vumbi, nani angeiona? Niliinuka. Mkono wa breki ulikuwa umerudi mahali pake, na breki haikushika ringi. Ndiyo sababu sikuwahi kuutilia shaka. Lakini ndani ya mkono palikuwa na kijipini kidogo kama punje ya mtama, kimezama, hakikutoka. Nikakichokonoa kwa sindano ya Mwanahawa. Doa likazimika kwenye gunia. Nikazungusha pedeli kwa mkono, na gurudumu likaruka likazunguka kwa nguvu, likarusha ndala ya Zainabu hadi kwenye sufuria la ming'oko. Zainabu alipiga kelele kwa furaha. Mimi sikupiga. Nilikuwa naangalia plastiki ya ule mkono wa breki, ambapo alama ya mpira wa tyubu ilikuwa bado imechorwa, wazi kama alama ya kamba kwenye shingo ya mbuzi.

Baiskeli zetu za kawaida hazijui kama breki imefungwa. Ile ilijua. Breki ikikamatwa, kijipini kinaiambia mota inyamaze, isije ikashindana na breki. Nami niliifunga siku tatu, usiku na mchana, na katika joto la jua springi yake nyepesi ikachoka, ikashindwa kukirudisha. Wiki tatu nimeapa mbele ya mji mzima, na alama yangu ilikuwa pale pale muda wote.

Mwanahawa alielewa kabla sijasema. Alikuwa na akili ya kunishinda, na anayo hadi leo. "Usiseme," alisema, kwa sauti ya chini ili wanawake wa mashineni wasisikie. "Sema ilikuwa ile sumaku. Iliyodondoka. Watu watakusifu, na mjomba ametuma habari, kesho anakuja."

"Nikisema sumaku, fundi mwingine ataifunga tena kwa mpira. Au Sista ataifunga mwenyewe, kwa kuwa ametuona. Itamfia njiani na mguu ule."

"Mwambie kwa siri basi."

"Nimekataa kwa sauti mbele za watu. Nitakubali kwa siri?"

Alianza kukunja nguo zake kwenye kanga, halafu za Zainabu, polepole, kama mtu anayejua kesho itakuwaje. Sikumzuia. Nilitoa springi ndani ya kalamu yake ya shule, nikaikata, nikaiweka nyuma ya kijipini. Kilianza kurudi kwa mlio mdogo safi. Nikakibonyeza labda mara mia.

Basi Jumatano ikafika, na wale saba niliowataja wakawa mbele ya kibanda. Mjomba aliteremka kwenye gari la Ruangwa akawapitia wadogo zangu chumbani, akaja nao wakiwa na vifurushi. Sista Editha alikuwa amesimama na sanduku lake begani, maana nilimtumia salamu aje. Nilimwekea baiskeli mbele, naye akaushika usukani.

"Kabla hujapanda, Sista," nikasema. "Hii niliiharibu mimi."

Issa aliacha kupiga pampu. "Eti nani?"

"Mimi. Niliifunga breki kwa mpira siku tatu, kama tunavyofunga zote. Hii haifungwi. Ukiifunga, mota inadhani unasimama. Issa, na wewe sikia, usiifunge hii kamwe."

Sista alinigeukia. "Wiki tatu unaniambia hujaharibu. Umenitolea macho hapa hapa."

"Nilikuwa sijui."

"Kutojua kwako nimekubeba mimi, Athumani. Kwa mguu huu."

Mjomba ndiye aliyejibu. "Mmesikia wenyewe," alisema. "Kasema kwa kinywa chake. Mwanahawa, Zainabu, twendeni, gari halisubiri."

"Hawaendi, mjomba."

"Unasemaje?"

"Hawaendi. Nimeharibu mimi, nimesema mimi, nimetengeneza mimi. Na hawa ninakaa nao mimi."

"Astaghfirullah, Athumani!" Fundi Bakari alisema. "Huyo ni mjomba wako."

"Namjua ni nani. Ndiyo maana nimemwambia mbele yake."

Nilikuwa natetemeka, na nataka hilo liandikwe pia, kwa sababu wanaosimulia msibani walinifanya jabali. Sista Editha, bila kumwambia mtu neno, alipanda baiskeli. Tukaisikia mota ikiamka. Alikwenda hadi kwenye mashine ya kusaga, akageuza, akarudi, akateremka kwa mguu mzima. Uso wake haukuwa umelainika hata kidogo.

"Shikamoo, mzee," alimwambia mjomba.

"Marahaba, sista."

"Huyu namdai. Nimetembea safari tisa kwa sababu yake. Atanilipa kwa miguu. Mimi nitapanda baiskeli, yeye atabeba sanduku, safari tisa. Sasa ukiwachukua hawa watoto leo, kesho naye yuko Mandawa anawafuata. Nitamdai nani?"

"Hilo ni lenu wawili."

"Wewe ni mzazi wake. Unataka nikudai wewe?"

"Mimi? Na magoti haya?"

Issa akacheka, na safari hii Fundi Bakari pia. Mjomba hakucheka. Alikuwa mtu wa heshima, na mtu wa heshima wa kwetu hamtoi mpwa wake mahali ambapo anadaiwa, akaonekana amemtorosha. Alikunja mikono ya kanzu, akaikunjua. "Basi alipe," alisema hatimaye. "Akimaliza safari zako tisa, nakuja kuwachukua. Siku hiyo hiyo." Zainabu aliweka kifurushi chake chini, akakikalia.

Nilibeba sanduku lile safari tano. Barafu yake ilinilowesha mgongo, na Sista alikuwa mbele, hakunisubiri vilimani wala hakuongea nami hadi safari ya tatu, aliponiuliza kama Mwanahawa anasoma vizuri. Nilitamani safari ziishe na niliogopa ziishe, na usiniulize kipi kilikuwa kikubwa. Baada ya safari ya tano ilikuja barua ya uhamisho wa Sista. Alirudi Kagera kwa haraka, baiskeli ikiwa juu ya basi kama ilivyokuja. Mjomba akaja, akaketi tena kwenye gunia.

"Umemaliza?"

"Zimebaki nne, mjomba."

"Na anayekudai yuko wapi?"

"Bukoba."

Alijua zile nne hazitaisha, nami nilijua kuwa anajua. Angeweza kuvunja neno lake na hakuna ambaye angemlaumu. Akala ming'oko yetu, akarudi Mandawa peke yake. Kila mwaka baada ya ufuta alikuja kuuliza zimebaki ngapi, nikajibu nne. Mwanahawa akamaliza kidato cha nne pale pale Nachingwea, Zainabu akasomea ualimu. Mwaka huu, alipokuwa mgonjwa, tulikwenda kumwona. Sauti ilikuwa imekwisha, akaniuliza kwa vidole. Nami nikamwonyesha vinne.

Siku ya tatu ya msiba simu yangu iliita. Mwanahawa, ambaye sasa anafanya kazi hospitali huko Ruangwa, alikuwa ameitafuta namba ya Sista Editha kwa wauguzi wenzake, akampa habari. Sista mwenyewe ndiye aliyepiga, akanipa pole. Halafu akasema, "Athumani, zile safari nne nimezifuta. Mzee amekwenda, watoto wamekua. Yameisha."

"Usizifute, Sista."

"Mimi nimestaafu. Siendi kliniki tena."

"Lakini kuna mahali unakwenda."

"Kanisani. Jumapili. Baiskeli ilikufa zamani, nakwenda kwa miguu."

"Basi ni Jumapili nne," nikamwambia. "Nitabeba chochote unachobeba." Akasema mimi ni mkaidi kama siku ile. Nikamwambia ndiyo. Kutoka hapa hadi Bukoba ni kuikata nchi nzima, na msimu wa korosho umenikamata, bado sijaondoka. Zimebaki nne.